Uzi Uliozungushwa Kinyume

Kambini, mtoni
4 Juni 2023

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na joto la huko halijakumaliza. Sisi huku hatujambo, kama kukohoa asubuhi na kulala na soksi ndiyo kutokuwa na jambo. Ukungu hautoki bondeni mpaka saa nne. Kaburi la mama nimelipalilia na kupanda yale maua meupe aliyoyapenda. Ng'ombe amezaa, lakini ndama dume. Nilimnunia siku mbili, kisha nikamsamehe.

Mto umetakata. Sasa unaona changarawe hata chini ya dimbwi la daraja la miti, na trauti wamerudi kukaa nyuma ya mawe, vichwa vikitazama maji yanakotoka, wakingoja kuletewa chakula. Wageni wa kwanza wa msimu walikuja Alhamisi, mume na mke. Mume alirusha mshipi ukanasa juu ya mparachichi, ikabidi nipande. Mchana walimpata trauti mzuri mwenye ule mstari wa waridi ubavuni, wakampiga picha, wakamrudisha majini. Yule mama anayeuza ndizi barabarani ameniuliza tena kama watu hawa wana akili timamu, kumvua samaki na kumwachia.

Tulitumia chambo chako, wale nzi wa kahawia uliowafunga. Mgeni alimweka mmoja kiganjani akasema haamini kwamba ni manyoya ya jogoo na uzi tu juu ya ndoano. Nilitaka kumwambia habari ya uzi mwekundu wa chini, ule usioonekana, nikakumbuka ulichoniambia: hilo ni letu sisi wawili, hata mama hakulijua. Nikafunga mdomo.

Sasa neno lenyewe. Wilbard, meneja wetu, anataka mtu wa kukaa hapa kambini kufunga nzi na kuwafundisha vijana. Hataki mwingine. Amesema, "Mwandikie Zakayo. Simhitaji yeye na maneno yake mengi, nahitaji ile mikono." Nafasi itakungoja mpaka Juni ijayo. Baba, mimi nakaa katika nyumba ya vyumba vitatu na redio. Njoo.

Nimekuwekea manyoya ya jogoo mwekundu. Jogoo mwenyewe tulimla Pasaka. Usipige simu badala ya kuandika. Za picha kutoka huko hazipiti, na hizi za kawaida tunaulizana hali mpaka inakatika.

Mwanao,
Belinda

*

Ras Al Khor, Dubai
30 Julai 2023

Belinda mama yangu,

Marahaba. Kifurushi nimekipokea kwa wakala wa mizigo kule Deira, kimefunguliwa na kufungwa tena. Nadhani forodha walitaka kumjua mtu anayesafirisha manyoya ya jogoo kutoka Tukuyu hadi Dubai. Marehemu jogoo alikuwa na manyoya mazuri, Mungu awasamehe mliomla.

Mimi mzima. Joto limefika mahali ambapo ukishika spana iliyolala juani unaitupa. Kazi ni ile ile, tunafungua magari yaliyogongana, tunatoa injini na giaboksi, tunazipanga. Arbab, bosi wetu, anatuharakisha kwa kelele za "yalla, yalla" tangu asubuhi, wakati mwingine anaiambia injini. Jioni naoga, nakaa kitandani, nafunga nzi. Jiliwa langu dogo la kushikia ndoano nimelibana kwenye chuma cha kitanda. Wenzangu chumbani waliniona siku ya kwanza naibana ndoano na kuizungushia uzi wakadhani ni uganga. Sasa wananiita Baba Nzi.

Siku ya mapumziko nilikwenda Al Ras, nikavuka kwa abra, mashua ya kuvushia watu, hadi Bur Dubai kwa fundi cherehani mmoja, Shafiq, ananiwekea mabaki ya nyuzi. Ananiuliza samaki gani anakula nyuzi za dhahabu. Nikamwambia ni samaki wa kwetu, wamezoea makuu. Tena upepo umeniletea unyoya wa heroe, wale ndege warefu wa waridi wanaokaa kwenye maji ya chumvi karibu na gereji zetu. Nimefunga nzi mmoja wa waridi. Mjaribu. Trauti wakimcheka, usiniambie.

Maji ya hapa ni ya bomba, yanatoka ya moto hata ukifungua ya baridi. Nikifumba macho nausikia mto wetu pale unapopita kwenye jiwe. Sikudanganyi, mama, nausikia, halafu naamka ni kiyoyozi.

Mwambie Wilbard nakuja. Juni maji yakitakata nitakuwa nimesimama kwenye dimbwi la daraja, suruali imekunjwa, nakufokea kwa jinsi unavyorusha. Nakuahidi.

Baba yako,
Zakayo

*

Kambini
26 Novemba 2023

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza hazikujibiwa, na wakala anasema zilifika.

Sisi wazima. Mvua zimeanza, mto umekuwa rangi ya chai ya maziwa na wageni wamekwisha. Nzi wa waridi alipata trauti wawili Septemba, mmoja hakuonja kingine asubuhi nzima. Nilikuandikia hayo yote, sijui uliyasoma.

Ulipiga simu mara moja ukasema "niko sawa, niko sawa," kama mtu anayejibu polisi. Kama kuna jambo, niambie. Kama hakuna, andika hata mstari mmoja.

Belinda

*

Bur Dubai
14 Januari 2024

Kwa binti yangu mpendwa Belinda,

Marahaba. Natumai u buheri wa afya. Samahani kwa kukaa kimya. Usishangae kuona barua imepigwa chapa. Kuna ofisi hapa Bur Dubai inayoandikia watu fomu za viza, na humo yuko dada wa Kenya, Ritah, ambaye ananiandikia nikisema. Macho yangu hayapendi tena kuandika.

Habari njema ni kwamba nimebadilishiwa kazi. Sasa nakaa getini, kivulini, nafungua magari yakija na kufunga yakitoka. Ni kazi ya kiheshima. Wenzangu wananionea wivu.

Nzi nimekuletea katika kopo hili. Wamechelewa, na wachache hawakutoka vizuri, utawachagua.

Kuhusu Juni, mama, mwambie Wilbard asiningoje. Mambo ya huku yamenishika. Atafute mwingine, vijana wapo.

Wako akupendaye,
Baba

*

Kambini
3 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Hali yetu njema, mvua inanyesha mchana na kurudia usiku. Daraja la miti limeng'oka ubao mmoja. Ndama amekuwa mkubwa na hana adabu.

Kiswahili cha barua yako si chako. Wewe hujawahi kuwa "buheri wa afya" tangu nikujue, wewe huwa mzima. Lakini hilo nakusamehe, ni la huyo dada Ritah.

Nina swali. Macho yamekataa kuandika, lakini yanafunga nzi? Herufi na nzi kipi kidogo?

Nimekaa na lile kopo wiki nzima. Nimewaweka nzi wako wa zamani upande huu na hawa wapya upande ule. Wa kwako uzi unazunguka ndoano kwa njia ile uliyonifundisha nikiwa darasa la tatu, nikakosea ukanipiga kofi la mkono. Hawa uzi umezungushwa kinyume. Wote, hakuna hata mmoja aliyefuata njia yako. Na vichwa vyao vina fundo nene, kama mtu anayejifunza. Baba, hawa nzi hukuwafunga wewe.

Basi nitasema mimi usilotaka kusema. Hupendi kuja, umepata ofisi ya kuandikiwa barua, umepata kazi ya kivulini, na kuna mtu anakufungia nzi. Umeoa.

Kuoa si kosa. Mama ana miaka sita kaburini, na mimi si mtoto. Ungeoa tu, ningepiga vigelegele huku peke yangu na ng'ombe. Lakini umemfundisha? Wilbard alikuomba miaka yote umfundishe mpwa wake ukakataa, ukasema kazi hii unamwachia Belinda. Leo mwanamke nisiyemjua anakaa kwenye kitanda chenye jiliwa lako, anajifunza. Hilo limeniuma kuliko Juni.

Niambie kweli.

Belinda

*

Bur Dubai
21 Aprili 2024

Belinda mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimesomewa.

Ndiyo. Yuko mtu. Ni mtu mwema, anajitahidi. Nisamehe kwa kutokuambia.

Usiniulize zaidi.

Baba

*

Kambini
9 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Wote wazima.

Mto umetakata leo, nilikwenda kuutazama kabla ya kazi. Juni ile uliyoisema ndiyo hii. Nilisimama kwenye dimbwi la daraja mahali pako. Trauti walikuwa wakiinuka kula wadudu juu ya maji, duara hapa, duara pale, na hapakuwa na mtu wa kuniambia ngoja, usirushe, ngoja. Nikarusha mapema, wakatawanyika wote. Nilikaa kwenye jiwe nikalia, halafu wageni wakaja ikabidi niwe na furaha.

Wilbard bado hajamweka mtu. Nimemwambia umeoa, akacheka, akasema hata mikono huolewa.

Redempta wa kwa mzee Protas anarudi Dubai wiki ijayo kwenye kazi yake ya usafi, nimempa kifurushi akukabidhi mwenyewe. Manyoya yako humo. Na kitenge ni cha huyo mama. Sikujua umbo lake, nimechukua yadi sita. Mwambie ni desturi ya kwetu, mgeni wa nyumba hapokelewi mikono mitupu, hata kama hiyo nyumba haijui. Mwambie pia afunge fundo mara mbili, si mara nne. Nne linazama.

Nilikuwa nimekasirika. Sasa nimechoka tu.

Belinda

*

Bur Dubai
11 Agosti 2024

Mama yangu Belinda,

Marahaba. Kitenge kimefika. Ni kizuri mno. Mwenyewe amekifurahia, amekishika muda mrefu, anakushukuru sana. Anasema mara mbili, amesikia. Hataki nimtaje jina, ana haya.

Huku joto halisemeki. Getini kuna feni. Ijumaa nilivuka tena kwa abra, nikaenda na kurudi, nikaenda na kurudi, mpaka mwenye chombo akaniuliza kama nimepotea. Nilitaka tu kukaa juu ya maji yanayotembea.

Nzi wako ndani ya kopo. Wameanza kuwa wazuri, naona. Niambie trauti wanasemaje. Redempta anakuja likizo Septemba, atakuletea.

Ule mstari wako wa kulia juu ya jiwe nilimwambia Ritah ausome tena. Aliusoma.

Baba

*

Kambini
6 Oktoba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Redempta alifika wiki iliyopita. Nilimkaribisha chai, nikampikia ndizi na maharage, kwa sababu nilikuwa na njaa ya habari. Nikamuuliza, "Mama wa Dubai umemwona? Mweupe, mweusi, mzee, kijana?"

Akaniangalia. "Mama gani?"

"Mke wa baba. Uliyempelekea kitenge."

"Belinda, mimi sijaona mke. Nimemwona baba yako, pale getini, peke yake. Na nikuambie, Dubai imemharibu yule mzee. Natoka Tukuyu na kitenge cha watu, nampa kwa mikono miwili, na goti nimekunja pale kwenye lami, wanaume wa watu wanatazama. Mwenzangu kapokea kwa kushoto! Kulia kaficha mfukoni. Hata samahani hakusema. Jua lote lile, mkono mfukoni kama meneja wa benki."

Akaendelea kulalamika, mimi nikawa simsikii tena. Wewe ambaye ulinirudisha mlangoni nikiwa mtoto kwa sababu nilimpa mchungaji kikombe kwa kushoto. Wewe ambaye hata ukibeba kuni mkono wa kulia, ukimpa mtu kitu kwa kushoto unasema "samahani kwa kushoto" mpaka yule mtu anachoka kusamehe.

Nilikwenda mezani kwako nikachukua nzi mmoja kati ya wale wapya. Nilimfumua. Nilitoa kichwa, nikatoa unyoya, nikafungua uzi wa dhahabu mzunguko kwa mzunguko, wote wa kinyume. Chini kabisa nikaukuta uzi mwekundu.

Nikafumua mwingine. Upo. Nikafumua yule wa kwanza kabisa wa Januari, mbaya, mwenye fundo la mtoto wa chekechea. Upo.

Halafu nilichukua ndoano nikafunga nzi kwa mkono wa kushoto. Ilinichukua asubuhi nzima. Uzi ulizunguka kinyume wenyewe, na fundo likawa nene vile vile.

Baba, mficha maradhi kilio humfichua. Ulikubali kuoa mke ambaye hayupo ili tu nisijue. Umeniacha nimchukie mwanamke miezi saba yote, na kumbe huyo mtu mwema anayejitahidi ni mkono wako wa kushoto. Nimekukasirikia hivi kwamba nimeshindwa kula, na nimekulilia hivi kwamba Redempta aliyafunika maharage akaondoka bila kuaga.

Sikuulizi imekuwaje. Utaniambia au hutaniambia. Ila najua kwa nini. Ni lile neno la Wilbard, nililokuandikia mimi mwenyewe kwa mzaha.

Kwa hiyo nilikwenda kwake na lile kopo. Nilimweleza yote. Akauliza, "Kwa hiyo ile mikono niliyoiomba ni mkono?" Nikamwambia ndiyo. Wale nzi wa Januari tulishawatumia msimu mzima, na wageni wameniuliza kama wanaweza kubeba wachache kurudi nao kwao. Wilbard anajua. Akasema, "Basi uandikie huo mkono uje."

Jambo la mwisho. Jiliwa lako kubwa la mezani, lililofungwa na mama kwa skrubu nne akisema halitatoka tena mpaka Yesu arudi. Mdomo wake ulikuwa unatazama dirisha, kwa mtu wa kulia. Nimefungua skrubu. Mbili zilikuwa na kutu nikazipaka mafuta ya taa. Nimeligeuza. Sasa linatazama mlango.

Mwanao,
Belinda

*

Ras Al Khor
17 Novemba 2024

Belinda mama yangu

Marahaba. Mwandiko huu ni wangu. Usiucheke. Cheka kidogo.

Naandika kitandani, herufi moja moja, kama darasa la kwanza. Mwenzangu ameshika karatasi isiteleze. Ukiona doa ni jasho.

Ilikuwa Agosti ya mwaka jana, baada ya ile barua yangu ya ahadi. Injini ilitoka kwenye mnyororo, nilikuwa nimeweka mkono chini yake. Kulia nimebakiwa na gumba na kile kidogo. Wananisaidia kushika unyoya, si haba. Hospitali walinitunza vizuri. Nilipotoka nilikaa na jiliwa mbele yangu, ndoano imebanwa, nikashindwa hata kushika uzi. Nikasema basi, Belinda ana baba mwenye mikono, abaki na huyo huyo.

Ritah alikataa kuandika habari za mke. Aliniambia, "Mzee, hii si poa. Huyo msichana ni wako, unamletea stori za nini? Mimi naandika tu juu umeniomba, lakini hii ni kujitafutia maneno." Nikamwambia andika. Akaandika akiwa amenuna, ndiyo maana ile barua ni fupi.

Kitenge nimekitundika pazia la kitanda. Wenzangu wakaniuliza bibi harusi anakuja lini. Niliwaambia ana haya. Usiku nilikuwa nakishika nikijua umekichagua ukiwa na hasira, na bado ulichagua kizuri. Nimekuwa mpweke, mama. Sijawahi kulisema neno hilo, hata Ritah sikumpa aliandike.

Arbab nimemwambia khalas, basi, narudi kwetu. Akasema inshallah. Nikasimama pale pale getini sikuondoka mpaka ile inshallah ikawa ndiyo. Tarehe sijapewa. Redempta akirudi huku nitamwomba radhi, na safari hii goti nitakunja mimi.

Mwambie Wilbard mkono unakuja, na maneno yake mengi yote.

Nimesoma mwenyewe ile habari ya jiliwa. Nimesoma mara nyingi. Nakushukuru kwa kinyumbani: ndaga fijo, mwanangu.

Nzi mmoja yumo humu, nimemfunga jana. Fundo mara mbili. Pokea.

Samahani kwa kushoto.

Baba yako
Zakayo